Kutoka uwanjani hadi darasani

Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura kwa miguu. Katika mchujo wa Kanu, chama pekee kilichoruhusiwa, mpiga kura alikwenda uwanjani akasimama nyuma ya wakala au picha ya mgombea wake. Huo ndio mlolongo. Chifu anakuona, mwajiri anakuona, jirani mnayegombania mpaka naye anakuona. Watu wakishahesabiwa hutawanyika, na ushahidi wote hurudi nao nyumbani, kwani hapakuwa na karatasi ya kuhesabu tena. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu mchana kweupe, na waliosimama humo hawajasahau.

Kanu iliuacha mlolongo mwaka 1990. Vyama vingi viliporudi katika uchaguzi wa 1992, uzito wote ulihamia kwenye darasa la shule ya msingi. Shule ni mali ya umma, njia yake inajulikana hata na bibi asiyesoma, na ina mlango wa kufunga na kona ya kujificha na karatasi yako. Kura ikipigwa kwa chifu au uani kwa mgombea, mtu hufika tayari ameinamisha kichwa.

Hata hivyo, masanduku bado yaliondoka shuleni kwenda kuhesabiwa kwenye ukumbi wa eneo bunge, na safari hiyo ya usiku ilizaa shaka nyingi. Desemba 1997 mvua za El Niño ziliharibu barabara, na upigaji kura ukaongezwa hadi siku ya pili. Ni mwaka 2002 ndipo kura zilipoanza kuhesabiwa palepale kituoni. Kwangu mimi, hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote. Msimamizi anakunjua karatasi, anasoma jina kwa sauti, anawaonyesha mawakala waliobanana kwenye madawati ya watoto, usiku kucha. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, ilishikilia kwamba matokeo ya kituoni ni ya mwisho. Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, inayobandikwa mlangoni pa darasa ikapata nguvu ambayo uwanja wa 1988 haukuwahi kuwa nayo.

Sheria sasa inataka kituo kisizidi wapiga kura 700, hivyo shule moja kubwa huwa na vituo kadhaa, chumba kwa chumba. Vituo vilikuwa 40,883 mwaka 2017, vikafika 46,229 mwaka 2022.

Kuongezeka huko hakujamfikia kila mtu. Uchaguzi mkuu huangukia Agosti, na kaskazini huo ni wakati wa kiangazi. Mfugaji wa Marsabit au Turkana aliyejiandikisha shuleni karibu na manyatta yake huenda wakati huo yuko mbali, akifuata maji na mifugo. Jina lake liko kwenye daftari la shule ile, na kwa sheria hapo tu ndipo anapoweza kupiga kura.