Pawatila

Pawatila (pia huitwa trekta la mkono) ni mashine ya kilimo yenye injini moja na magurudumu mawili. Mwendeshaji hutembea nyuma yake akiwa ameshika mikono miwili mirefu. Hutumika kulima, kuvuruga tope katika majaruba ya mpunga, kuendesha pampu ya maji na kuvuta tela. Nchini Tanzania huonekana hasa katika maeneo ya mpunga, kama vile Mbarali mkoani Mbeya, tambarare za Moshi na bonde la Kilombero mkoani Morogoro.

Historia

Mmoja wa waanzilishi wa mashine za kulima kwa visu vinavyozunguka alikuwa Arthur Clifford Howard wa Australia, aliyeanza majaribio yake mwaka 1912. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mashine za kutembea nazo zilienea sana Japani, ambako mashamba ya mpunga ni madogo na trekta kubwa hukosa nafasi ya kugeuka. Baadaye zilitengenezwa kwa wingi pia Uchina, India na Thailand. Katika nchi za baridi mashine za jamaa hiyo hiyo hufungiwa kifaa cha kuondoa theluji katika njia za nyumbani.

Nchini Tanzania pawatila zilijulikana zaidi baada ya serikali kutangaza azimio la Kilimo Kwanza mwaka 2009. Nyingi zilipelekwa kwa vikundi vya wakulima kupitia halmashauri. Mahali penye mpunga na maji zilifaa. Mahali penye ardhi kavu na ngumu visu viliruka juu ya udongo badala ya kuuchimba, na baadhi ya mashine zikabaki kuvuta tela tu.

Muundo

Pawatila ya kawaida ya mpunga ina injini ya dizeli ya silinda moja, yenye nguvu za farasi 8 hadi 16. Nguvu hutoka kwenye injini kwa mikanda na kuingia katika sanduku la gia, kisha hugawanywa kwenda kwenye magurudumu na kwenye visu vya kulimia. Kwenye tope magurudumu ya mpira hubadilishwa kwa magurudumu ya chuma yenye mabapa, ambayo hayatelezi.

Mashine haina usukani. Chini ya kila mkono kuna klachi ndogo ya kugeukia. Klachi ya kushoto ikibanwa, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia huendelea kusukuma, na mashine hugeuka kushoto.

Kwenye mteremko mkali jambo hili hugeuka kinyume. Gurudumu lililoachiwa hushuka kwa kasi kuliko lile linalozuiwa na injini, hivyo mashine huelekea upande usiotarajiwa. Mwendeshaji asiyejua hilo anaweza kuitumbukiza mtaroni pamoja na tela. Katika mteremko inafaa kushuka kwa gia ndogo na kuelekeza mashine kwa kusukuma mikono, bila kugusa klachi za kugeukia.

Matumizi katika bonde la Kilombero

Lipangalala ni kata ya mji wa Ifakara. Mashamba mengi ya wakazi wake, kama ya bonde zima, hutegemea mvua. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na miezi ya Machi na Aprili mito hujaa na kufurika sehemu za chini. Shamba linapaswa kulimwa na kupandwa kabla maji hayajawa mengi. Kwa jembe la mkono familia yenye ekari chache hutumia wiki nyingi kwa kazi hiyo. Kwa mashine kazi hupungua kuwa siku chache, lakini mashine ikiharibika katikati ya msimu mpunga hupandwa kwa kuchelewa na huweza kuzama ungali mchanga.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi hukodi mashine kwa malipo ya ekari, na wachache hununua. Baada ya mavuno mashine hiyo hiyo hubeba magunia ya mpunga kwenda mashine ya kukoboa.

Uchaguzi wa mashine kwa familia

Nguvu ya injini ndiyo inayotajwa kwanza na wauzaji, lakini kwa familia jambo la kwanza ni kama mwendeshaji ataimudu. Mashine yenye visu vya upana wa sentimita 60 humfanya mtu atembee karibu kilomita 7 ili kumaliza ekari moja kwa kupita mara moja. Ikiwa imefungwa plau ya kukata sentimita 25, safari hufikia kilomita 16. Uzito usiosumbua dukani huchosha mikono na mgongo shambani. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Uzito: pawatila za dizeli mara nyingi huwa na kilo 300 hadi 500. Nzito huzama katika tope refu na ni vigumu kuvushwa kwenye kingo za majaruba. Nyepesi mno huruka kwenye udongo mgumu.
- Mizani: uzito wa mbele na nyuma ulingane, mwendeshaji asilazimike kuinua au kukandamiza mikono muda wote.
- Urefu wa mikono: iweze kurekebishwa ifike usawa wa kiuno cha anayeiendesha, awe mwanamume au mwanamke.
- Klachi za kugeukia: zibanike kwa vidole bila kutumia nguvu nyingi.
- Gia ya nyuma: ni bora visu visimame vyenyewe mashine inaporudi nyuma.
- Kuwasha: injini nyingi huwashwa kwa kuzungusha hendeli, kazi inayohitaji nguvu. Zipo zinazowashwa kwa betri.
- Vipuri: mikanda, visu, chujio na nozeli zipatikane karibu, na awepo fundi anayeijua injini hiyo.

Kipimo kizuri ni kuijaribu katika jaruba lenye tope, ikiendeshwa na yule atakayeitumia, wala si fundi wa muuzaji. Agizungushe mwishoni mwa jaruba, arudi nyuma na kuvuka ukingo. Familia yenye ekari moja au mbili kwa kawaida hupata nafuu zaidi kwa kukodi au kununua kwa kikundi.

Usalama

Ajali mbaya hutokea mashine inaporudi nyuma visu vikizunguka, kwa kuwa humfuata mwendeshaji miguuni. Aliyeegemea mti au ukuta hukosa pa kukimbilia. Nyasi na kamba zilizojisokota kwenye visu ziondolewe baada ya kuzima injini. Nguo ndefu na kanga zinazoning'inia zikae mbali na mikanda. Watoto wasiruhusiwe kutembea karibu na visu wala kupanda juu ya mashine.

Tela limekusudiwa mizigo. Kubeba watu juu ya magunia, hasa usiku bila taa, ni hatari kwao na kwa wengine barabarani.

Matunzo

Oili na maji ya kupoza injini hukaguliwa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Chujio la hewa husafishwa mara kwa mara, hasa wakati wa vumbi. Tope huoshwa jioni. Msimu ukiisha mashine huwekwa mahali pakavu, na vipuri vinavyochakaa hununuliwa kabla ya mvua ya kwanza.