Keti Upande wa F

Ukipanda ndege ya Nairobi kwenda Mombasa, keti kulia, dirisha la F. Ukirudi, ni kushoto, A. Mara yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Nilikuwa nimeacha chuo, nikachukua karo iliyobaki nikakata tiketi, halafu safari nzima nikaangalia bawa na nyika kavu ya Tsavo. Abiria wa kulia waliinua simu zao kwa pamoja. Kwa kelele zao tu nikajua Kilimanjaro imepita.

Iliniuma kwa sababu mamangu alilelewa Loitokitok, chini ya ule mlima, na sijawahi kuuona vizuri. Basi nikaanza kusoma juu ya walioutazama kutoka upande huu.

Mwishoni mwa Aprili 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akaenda kwa miguu pamoja na msafara wa Bwana Kheri. Walitembea wiki mbili. Tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini, akajibiwa kwamba ni baridi. Basi. Kwangu hilo ni jibu kamili, lakini aliyesifiwa kwa kugundua ni Rebmann, kana kwamba kiongozi alikuwa akitazama kwingine.

Kule London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga bara lenyewe, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima, theluji ikamwangukia, na bado mzee Cooley akabisha. Si unawajua watu wa hivyo? Siku hizi wako mtandaoni.

Aliyepata dirisha bora kuliko sisi sote ni rubani Mswisi, Walter Mittelholzer. Januari 1930 alirusha ndege juu ya Kilimanjaro akiwa na kamera. Picha zake ziko kwenye maktaba ya chuo cha ETH kule Zürich, na unaweza kuzitazama bure. Nilikaa nazo usiku kucha. Barafu ya Kibo imesimama kama kuta za ghorofa, imetambaa mpaka kwenye miteremko. Sasa linganisha: kati ya 1912 na 2007, takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu lilitoweka. Cooley aliikana theluji ikiwepo. Sisi tunaikubali ikiwa inaondoka.

Niliporudi Nairobi nilichagua ndege ya asubuhi, maana mchana mawingu hufunika kila kitu. Nikachukua A, mbali na bawa. (Angalia vizuri: ndege nyingine zina safu ambayo pembeni ni ukuta mtupu, hakuna dirisha. Ungelipia ukuta.)

Mlima ukatokea. Juu kabisa palikuwa na vipande vyeupe vichache, kama rangi iliyobambuka. Nikapiga picha. Tulipotua nikamtumia mamangu.

Akajibu upesi: “Mbona umeisha hivi?”

Kabla sijaandika chochote, ujumbe wa pili ukaingia: “Na nauli ya ndege ulitoa wapi?”