Thumu ya Bua

Thumu, ambayo wengi siku hizi huiita kitunguu saumu (jina lililopotoka katika lafudhi tu, wala halihusiani na saumu ya Ramadhani), ina aina mbili kubwa, na mojawapo watu wa Ulaya na Marekani wameipa jina ambalo mfasiri mwenye haraka hulitia katika Kiswahili kuwa "thumu ya shingo ngumu". Tafsiri hiyo sikuiridhia, maana kwetu shingo ngumu ni sifa ya mkaidi asiyesikia la mwadhini, na msomaji atadhani mmea huu ni mgumu kuota au kumenyeka, ilhali punje zake humenyeka upesi kuliko za mwenziwe. Rai yangu ni kwamba tuiite thumu ya bua, kwani kilicho kigumu pale shingoni ni bua la ua, linalochipuka kwenye kitako cha tunguu na kupanda juu katikati ya punje.

Ukilikata tunguu lake kwa upana utaliona dhahiri: kijiti kikavu katikati, na punje nene, aghalabu 4 hadi 12, zimekizunguka kwa safu moja, ama thumu laini, ile tuizoeayo sokoni, haina kijiti, na punje zake nyembamba zimebanana tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo majani ya laini husukwa kama nywele, na ya bua, maadamu hayasukiki, hufungwa mafungu yakatundikwa. Wataalamu wa mimea nao walilitazama bua hilo hilo walipoiita ophioscorodon, yaani, kwa Kiyunani, thumu ya nyoka, kwa jinsi linavyojikunja likiwa changa.

Hata kazi ya bustani hulifuata bua. Katika jimbo la Maine, Marekani, ambako wamo Wakongo wasemao Kiswahili, punje hupandwa mwezi wa Oktoba, ncha juu, kina cha sentimita 5 hivi na nafasi ya 15, zikafunikwa nyasi kavu, kisha zikaachwa chini ya theluji. Na baridi hiyo, ya majuma kadhaa chini ya nyuzi 10 za selsiasi, ndiyo inayoufanya mmea ugawanye punje, hata ukiikosa waweza kuvuna tunguu duara lisilogawanyika. Basi mtu wa Mombasa au Unguja asijisumbue nayo. Juni bua hutokeza na kujikunja, na mkulima hulikata kabla halijanyooka ili nguvu zirudi chini kwenye tunguu. Alilolikata halitupi, bali hulikatakata akalikaanga na mayai, nalo ni tamu, lina ukali wa thumu uliotulizwa. Asiyelikata hupata kileleni vitunguu vidogo mno, ambavyo vikipandwa huchukua miaka 2 au zaidi kuwa matunguu kamili.

Mavuno huja Julai, majani ya chini yakisha kukauka. Matunguu huanikwa kivulini penye hewa majuma 2 hadi 4. Ladha yake ni kali na nzito, lakini haidumu ghalani, kwa kawaida miezi 4 hadi 6 tu, na kwa sababu hiyo mwenye kuvuna zote mbili huanza kupikia ya bua, akaiweka laini kwa miezi ya mbele.