Sauti Zilizohifadhiwa Katika Nta

Mwaka 1906, kabla vumbi la Vita vya Maji Maji halijatua, Mjerumani Karl Weule alifika kusini mwa nchi yetu kuchunguza mila za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Pamoja na daftari alichukua fonografu na kamera ya sinema. Nyimbo alizozinasa ziliwekwa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900.

Faida ya vyombo hivyo hatuwezi kuikana. Daftari hutunza maneno ya wimbo, lakini haliwezi kutunza mpigo wa ngoma wala hatua za mchezaji. Hata hivyo chombo hakina akili. Silinda ya nta ilibeba dakika chache tu, nayo ngoma huweza kukesha. Hivyo mtafiti ndiye aliyechagua kipi kisikike. Tena walioimba walikuwa watu waliotawaliwa, wakiimba mbele ya mgeni wa taifa lililowatawala. Asiyekumbuka hayo atasikia sauti bila kumsikia mtu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba sauti bila maelezo hupotea ingawa ipo. Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi atakayemrekodi mzee na aombe kwanza ridhaa yake, kisha aandike jina lake, mahali, siku, na maana ya wimbo kama mwenyewe aielezavyo. Nakala nayo ibaki kijijini, ili wajukuu wasilazimike kuvuka bahari kumsikia babu yao.