Disketi au Diski Laini?

Kitufe cha kuhifadhi kazi katika programu nyingi za kompyuta bado kina picha ya kimraba chenye kona iliyokatwa. Hiyo ni disketi, ambayo wengi waliizoea kwa jina la flopi. Yenyewe imetoweka madukani, na mtafsiri akikutana nayo katika kitabu cha zamani hulazimika kuamua aiite nini.

IBM ilipoitoa mwaka 1971, disketi ilikuwa na upana wa inchi 8 na ganda jembamba la plastiki. Ukiishika pembeni, inapinda. Ndiyo sababu ya kuitwa flopi, neno la Kiingereza la kitu kinachopindapinda. Mwaka 1981 Sony ikaleta ya inchi 3.5 yenye ganda gumu, na hapo majina yakachanganyika. Watu waliigonga mezani, wakaona haipindi, wakaiita diski ngumu, jina ambalo ni la diski iliyofungwa ndani ya kompyuta. Siwalaumu, maana ulaini wake umejificha. Sogeza kile kilango cha bati utaona utando mwembamba wa plastiki, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Humo ndimo data ilimoandikwa kwa sumaku.

Kwa hiyo "diski laini" ni tafsiri ya kweli ya flopi. Tatizo ni kwamba laini siku hizi ni kadi ya simu: tunasajili laini, tunafungiwa laini. Msomaji wa leo atawaza mtandao kabla ya plastiki. "Diski tepetevu" naikataa kabisa, kwani utepetevu ni ulegevu wa mtu asiye na hima, na utando huu ulizunguka mara 300 kwa dakika. "Kisahani" kinanivutia, kwa kuwa wazee walisema sahani ya santuri, ila CD nayo ni kisahani.

Nachagua disketi. Haisemi chochote kuhusu ulaini wala ugumu, na haihitaji kusema. Neno simu lina asili ya Kiajemi na maana yake ilikuwa waya. Leo tunatembea na simu zisizo na waya na jina halijatusumbua.

Hata kompyuta zenyewe hazijaisahau disketi. Katika Windows, diski kuu kwa kawaida ni C, kwa sababu A na B zilitengewa disketi.