Nyumba za Kusubiria: Historia ya Nyumba za Wageni za Wasafiri wa Pikipiki katika Njia ya Mashariki mwa Afrika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nyumba za wageni zilizoanzishwa na wageni, katika nchi zisizo zao, kwa ajili ya wasafiri wa pikipiki wapitao baina ya Cairo na Cape Town. Hoja kuu ni kwamba nyumba hizo zilizaliwa na kusubiri: kusubiri viza, kipuri, meli, au kukauka kwa barabara baada ya masika. Kila pengo la miundombinu au la utaratibu wa mpakani lilizaa nyumba, na kila pengo lililozibwa liliilazimu nyumba hiyo ibadili kazi yake au ife. Makala yanalinganisha hali hii na vituo vya misafara vya karne ya 19, kisha yanajadili nafasi ya Kiswahili na ya mafundi wenyeji katika biashara hii na kutoa mapendekezo ya kisera.

1. Utangulizi

Tafiti nyingi za utalii Afrika Mashariki hushughulikia hoteli za pwani na kambi za mbugani. Msafiri anayefika kwa pikipiki yake mwenyewe, akiwa na namba za usajili za Ujerumani, Uholanzi au Afrika Kusini, huonekana kwa nadra katika maandishi hayo. Ni mgeni asiye wa kawaida. Hahitaji dereva wala wakala. Anachohitaji ni lango pana, ukuta imara, kivuli cha kufungulia injini, na mtu anayejua ofisi ipi ya forodha hufunguliwa saa ngapi. Mwenye hoteli ya kawaida hana sababu ya kuyajua hayo. Kwa hiyo, aghalabu nyumba za kumpokea msafiri huyo zimeanzishwa na watu waliowahi kuwa wasafiri kama yeye, wakakatiza safari na kuweka makazi njiani.

Maswali yanayoongoza makala haya ni matatu. Je, nyumba hizi zilitokana na nini? Zilifanya kazi gani ambayo taasisi nyingine hazikuifanya? Na je, zinapofifia, nani anarithi ujuzi wake?

2. Kituo cha msafara kama mtangulizi

Nyumba ya mgeni iliyojengwa njiani ili kuwapokea wageni wengine si jambo jipya katika ukanda huu. Katika karne ya 19 njia ya kati kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na kituo kikubwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Wafanyabiashara wenye asili ya Oman na pwani walijenga matembe huko. Misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi, ikaweka shehena ghalani na kupata habari za njia iliyo mbele. David Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872. Henry Morton Stanley alimwacha huko mwezi Machi, naye akasubiri hadi Agosti, wapagazi walioajiriwa pwani walipomfikia. Miezi mitano hiyo inaonyesha kazi halisi ya kituo: kilikuwa mahali ambapo safari iliyokwama iliweza kukaa bila kuvunjika.

Msamiati wa enzi hiyo unathibitisha jambo hilo. Kirangozi alitangulia na kuonyesha njia, mnyapara alisimamia watu, posho iligawiwa kambini, na hongo ililipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake. Hongo ya wakati huo ilikuwa ushuru wa njia uliojadiliwa hadharani; maana ya rushwa ndiyo iliyotawala baadaye. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, msafara wa miguu ulipoteza sababu yake ya kuwepo, na kituo kilichoutegemea kikapoteza wateja. Tembe la Kwihara leo ni makumbusho.

3. Wasafiri wa pikipiki kabla ya nyumba zao

Mnamo Desemba 1934, wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma. Walivuka Sahara na kufika Cape Town Julai 1935. Hawakukuta njiani nyumba yoyote iliyokusudiwa msafiri wa aina yao. Jangwani walitegemea ngome za jeshi la Wafaransa, na kwingineko walitegemea ukarimu wa watu waliowakuta. Mfumo wa malazi waliouegemea ulikuwa wa utawala wa kikoloni, nao ulimfungulia mlango yule tu aliyefanana na watawala.

Karibu miaka 40 baadaye, Oktoba 1973, Ted Simon aliondoka London kwa pikipiki ya Triumph ya sentimita za ujazo 500. Alishuka kupitia Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania, akaendelea kuizunguka dunia kwa miaka minne. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilichotoka mwaka 1979, kiliwatia wengine hamu ya kumfuata. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ilitoa pikipiki ya R80 G/S, iliyoundwa kwa barabara za lami na za vumbi pia. Hivyo hamu na chombo vilikutana. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kufikia.

4. Mpaka uliofungwa na kukua kwa Nairobi

Siasa za ukanda ziliamua mahali hapo pangekuwa wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huohuo na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Msafiri aliyetoka kaskazini alifika Nairobi akakuta njia ya moja kwa moja ya kusini haipitiki; ilimbidi azunguke au aikatishe safari yake hapo. Viwanja vya nyumba za watu binafsi vilivyopokea mahema na magari ya wasafiri vilipata umaarufu katika miaka hiyo, na habari zake zilienea kwa vitabu vya mwongozo na kwa mdomo.

Mpaka ulipofunguliwa, sababu nyingine za kusubiri zilibaki. Kaskazini mwa Isiolo barabara ya kwenda Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ilikuwa ya mawe na matuta madogomadogo yaliyovunja shokapu na fremu, na kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara wenye ulinzi kwa hofu ya majambazi. Baina ya Sudan na Misri hapakuwa na barabara iliyo wazi kwa wasafiri. Pikipiki ilivushwa kwa chombo cha majini kati ya Wadi Halfa na Aswan. Aliyetoka kusini alihitaji Nairobi kwa matayarisho, na aliyetoka kaskazini aliihitaji kwa matengenezo.

Ndipo zilipostawi nyumba zenye sura tunayoijua leo. Jungle Junction ya Nairobi, iliyoanzishwa na fundi wa pikipiki kutoka Ujerumani, ilianza kujulikana ikiwa Lavington, kisha ikahamia eneo la Karen. Addis Ababa kulikuwa na Wim's Holland House, na huko Gorgora, ufukweni mwa Ziwa Tana, Tim & Kim Village; zote mbili zilianzishwa na Waholanzi. Msafiri aliweza kupanga safari yake kwa kuhesabu nyumba hizo, kama kirangozi alivyohesabu visima.

5. Kazi za nyumba

Kitanda ni sehemu ndogo ya huduma ya nyumba ya aina hii. Kazi ya kwanza ni karakana. Pikipiki kubwa ya safari, kama BMW R1200GS Adventure, hubeba lita 33 za petroli na ikiwa na mizigo huwa nzito kuinyanyua. Vipuri vyake havipatikani katika maduka ya mtaani. Nchini Kenya, hatua ya mwaka 2008 ya kuziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zilizo chini ya sentimita za ujazo 250 ilijaza barabara bodaboda na kujaza masoko vipuri vyake, lakini vipuri hivyo ni vya injini ndogo. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua kipi kiagizwe Ulaya na kipi kitafutwe hapohapo. Beringi ya namba 6204 ina vipimo vilevile iwe ndani ya pikipiki ya Kijerumani au ndani ya pampu ya maji. Mwenye kulijua hilo humtuma kijana Barabara ya Kirinyaga badala ya kumweka mgeni wiki tatu akingoja kifurushi.

Kazi ya pili ni nyaraka. Msafiri wa njia hii huchukua karneti, kitabu cha dhamana ya forodha kinachotolewa na vyama vya magari chini ya utaratibu uliowekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1954. Karneti huahidi kwamba chombo kitatoka nchini. Kisipotoka, ushuru hulipwa kutokana na dhamana. Misri huidai kwa ukali. Nchi za Afrika Mashariki zina pia kibali cha muda cha kuingiza chombo. Muhuri mmoja uliokosewa mpakani huweza kumgharimu msafiri fedha nyingi miezi kadhaa baadaye. Mwenye nyumba anayeukagua ukurasa wa karneti kabla ya mgeni kuondoka hutoa huduma isiyoandikwa katika leseni yoyote ya malazi. Huyohuyo huongoza wageni kuhusu bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa si mwanachama tena wa soko hilo.

Kazi ya tatu ni amana. Wasafiri wengi huigawa safari yao: huacha pikipiki Nairobi, huruka nyumbani kufanya kazi, hurudi msimu unaofuata. Pikipiki iliyofunikwa turubai kwenye banda ni mali ya mtu aliye mbali na ni deni la kiforodha la mtu aliye karibu. Hapa uaminifu wa mwenye nyumba unakutana moja kwa moja na sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na muda wa kibali ukipita, lawama huanzia bandani.

Mwenye nyumba naye ni mgeni mbele ya sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 humpa asiye raia ardhi kwa madhumuni ya uwekezaji tu. Kibali cha mwekezaji nchini Kenya kinadai mtaji wa dola za Marekani 100,000, kiasi kinachoweza kuzidi thamani ya karakana, vitanda na zana zote za nyumba ndogo. Hivyo biashara inayowahudumia watu wanaosubiri vibali huendeshwa na mtu ambaye naye husubiri kibali.

6. Kiswahili karakanani

Msafiri mgeni hukutana na Kiswahili kwanza kupitia maneno anayodhani anayajua. Katika miji mingi ya bara, “hoteli” ni mahali pa kula, na anayeomba chumba huletewa chai na chapati. “Gesti” nchini Tanzania hubeba pia dokezo la faragha ya muda mfupi, jambo linalowafanya wenye nyumba za familia wapendelee “nyumba ya wageni” au “hosteli”. Nchini Kenya “lojingi” ina doa hilohilo.

Karakanani hali ni tofauti. Klachi, plagi, kabureta, spana, beringi na gasketi ni maneno ambayo fundi na mgeni huyatambua kwa kusikia. Juu ya msingi huo, fundi hujenga maelezo kwa Kiswahili: imelegea, inavuja, imekwisha, inavuta upande. Maelezo haya ya dalili ni maarifa ya kitaaluma, lakini hayakusanywi. Kumbukumbu za nyumba hizi, yaani madaftari ya wageni, ramani na orodha za vipuri, zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kijerumani. Fundi aliyezifungua injini hizo kwa miaka mingi hana maandishi ya kumwachia mwanafunzi wake.

7. Pengo linapozibwa, na njia inapokatika

Mabadiliko ya muongo mmoja yalipunguza kusubiri kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2014 kivuko cha nchi kavu cha Qustul kilifunguliwa baina ya Misri na Sudan, na Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kutoa viza ya pamoja ya utalii. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika. Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vilizinduliwa Namanga mwaka 2018 na Moyale mwaka 2020. Siku mbili za kuvunja shokapu zikawa siku moja ya kuendesha.

Kisha njia yenyewe ikakatika. Mipaka ilifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Vita vya kaskazini mwa Ethiopia vilianza Novemba mwaka huo, na vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Nyumba iliyokuwa kiungo kati ya Cairo na Nairobi ikajikuta haina upande mmoja. Hali hii inapambanua aina mbili za nyumba. Iliyotegemea msafiri aliyekwama hupungukiwa na wageni mara lami inapofika au mpaka unapofungwa. Iliyokwisha kuwa karakana, ghala na mahali pa kukodisha pikipiki huweza kuhudumia wakazi wa mji pamoja na wasafiri wa ukanda wenyewe.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Unyanyembe inaonya kwamba kituo cha njiani kinaweza kutoweka katika kizazi kimoja pale sababu yake inapoondoka. Nyumba za wasafiri wa pikipiki ziko katika hatua hiyo. Kuziombea mipaka migumu ili zipate wageni kungekuwa upuuzi. Kinachohitajika ni kuhakikisha ujuzi uliokusanyika ndani yake haupotei pamoja na waanzilishi wake.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, mamlaka za forodha za Jumuiya ziweke utaratibu mmoja, ulioandikwa pia kwa Kiswahili, wa kuhifadhi vyombo vya wasafiri katika ghala za watu binafsi, ili mwenye nyumba na mwenye pikipiki wote wajue wajibu wao. Pili, vyuo vya ufundi stadi vitambue ujuzi wa mafundi wa karakana hizi kwa tathmini na cheti, kwa kuwa bila cheti fundi mwenyeji hubaki mwajiriwa wa kudumu wa mwenye nyumba mgeni. Tatu, wataalamu wa istilahi wakusanye lugha ya dalili na matengenezo kutoka kwa mafundi wenyewe, wakiwa bado kazini, na kuichapisha kama kitabu cha mkono. Hatua hiyo ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kusubiri hadi njia ya kaskazini ifunguke tena.