Setilaiti ya Uhuru na Elimu ya Mashimo Meusi: Nafasi ya Afrika Mashariki

Katika usiku wa kiangazi, kundinyota la Cygnus huonekana upande wa kaskazini wa anga la Singida. Ndani yake mna Cygnus X-1, shimo jeusi ambalo historia yake huandikwa kana kwamba ni ya Marekani na Ulaya pekee. Insha hii inadai kwamba sehemu ya msingi ya historia hiyo ilipitia pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo maana iliitwa Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Kundi la Riccardo Giacconi liligundua kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika ndani ya muda usiofikia sekunde moja. Chanzo chake, basi, kilikuwa kidogo mno. Punde ikathibitika kwamba nyota jirani hukizunguka kitu kisichoonekana kwa siku 5.6.

Mashimo meusi yalipoanza kukubalika, swali likawa yanavyotoa mikondo ya maada yenye kasi inayokaribia ya mwanga. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walieleza kwamba shimo linalojizungusha huisokota mistari ya uga wa sumaku, na nishati ya mzunguko huo husukuma mikondo. Mzunguko huchangia nguvu ya mkondo, na mhimili wake huchangia mwelekeo. Mkondo unaotuelekea huonekana angavu zaidi kuliko wa upande wa pili. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba mkondo wa galaksi ya M87 huyumba kwa kipindi cha takriban miaka 11, dalili kwamba shimo lake hujizungusha.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Pwani ilitoa ikweta, bahari na jina, ilhali takwimu zilichambuliwa Marekani. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaoeleza usahaulifu uliofuata: aliyetoa mahali hakuhesabiwa miongoni mwa waliotoa maarifa. Historia ya sayansi ya Afrika Mashariki haina budi kuhesabu vyote viwili, bila kukuza mchango huo wala kuufuta.